Njia Iliyopita Mlangoni Kwangu

Tangu tuhamie Beni, kuna jambo moja nililotaka kulijua kuhusu Butembo, na halikuwa bei ya vitenge wala nani ameoa nani. Nilitaka kujua kama kundi letu la futingi, la mbio za asubuhi, bado linapanda kile kilima cha Kimemi kila Jumamosi asubuhi na kusimama mbele ya mlango wetu wa zamani. Ningeweza kupiga simu nikauliza. Sikupiga. Mimi ni mtu wa namna hiyo, na mume wangu atathibitisha bila hata kuombwa.

Lazima niieleze ile njia, maana haikuwa njia ya watu wenye akili. Mwenye akili akitaka kukimbia mjini Butembo ataanzia rond-pointi, kwenye mzunguko wa barabara, afuate barabara kubwa, afike uwanja wa ndege, azunguke kwenye nyasi mpaka achoke, arudi nyumbani kunywa chai. Sisi tulikuwa na rond-pointi pia, lakini pale walikutana watu wawili au watatu tu: mwenye filimbi, ambaye kazi yake ni useremala, na yeyote aliyewahi kuamka. Sisi wengine tulifuatwa nyumbani. Kundi lilipita sokoni meza zikiwa bado zimefunikwa maturubai, likaingia kichochoro cha mama muuza dawa, likamtoa, likateremka kwa mwalimu wa hesabu, likamtoa, na kadhalika, likinenepa mlango kwa mlango. Kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuichora njia yetu. Ilikuwa ni milango yetu tu, na mtu mpya akiingia kundini, njia ilijikunja kumfuata alipo.

Mlango wangu ulikuwa wa mwisho na wa juu kabisa. Ukishavuka daraja la mto Kimemi unafika njia panda. Kushoto ni tambarare, unaenda zako uwanja wa ndege bila taabu. Kulia ni mlima wa udongo mwekundu ambao wakati wa mvua hata wenye pikipiki huwaambia abiria washuke. Juu ya mlima huo, nyuma ya mikaratusi, tulikaa sisi. Watu wote wale walikuwa wanaupanda kwa ajili ya mtu mmoja, na hawakunificha walivyouona. Mwenye filimbi alikuwa akifika mlangoni kwangu anashika kiuno, jasho linamdondoka, na kabla ya salamu anasema:

“Mais, mama, weye hauwezi kuhama?”

Nami nilimjibu kwamba kama anataka mlango wa tambarare, aoe kwingine. Hakuwa ameoa kwangu, lakini jibu hilo liliwafurahisha watu kila Jumamosi.

Tulikuwa na sheria moja tu. Haikuandikwa popote. Katika miaka ya kwanza, kabla mimi sijaingia, kulikuwa na kijana mseja aliyepanga chumba karibu na soko. Jumamosi moja kundi lilimpigia filimbi, hakutoka. Walimcheka, wakamwita mlalaji, wakaenda zao. Kumbe alikuwa ndani anaungua homa, hana nguvu ya kuinuka wala ya kuita. Mwenye nyumba ndiye aliyemkuta siku mbili baadaye. Alipona, mshukuru Mungu, na leo ana watoto, lakini mwenye filimbi hakujisamehe kile kicheko. Tangu hapo ikawa hatuondoki mlangoni pa mtu mpaka yeye mwenyewe atoke, au mtu wa nyumba yake atoke aseme yuko wapi na ana hali gani. Tunapiga miguu pale pale, filimbi inalia mara tatu, na mwenye filimbi anauliza kwa sauti kubwa:

“Mwenye hapa iko wapi?”

Akijibiwa, anauliza tena:

“Muzima?”

Akiambiwa mzima, anasema “Tuende!” na kundi linaondoka. Akiambiwa mgonjwa, tunakimbia, lakini mchana lazima watu waende kumwona. Hivyo tu. Nimekaa katika vyama vingi vyenye rais na makamu wa rais na muhuri, na sijaona sheria iliyoheshimiwa kama hiyo.

Mume wangu aliichukia kwa moyo wake wote. Yeye ni mtu wa Kindu, mfanyakazi wa serikali aliyetumwa kwetu milimani, na kwa miaka yote hakuizoea baridi ya Butembo. Jumamosi kwake ilikuwa siku ya blanketi. Nikiwa na malaria, au nimekwenda kijijini Kalunguta kuwasaidia ndugu kuvuna maharagwe, ilimbidi yeye ndiye atoke akajibu. Alitoka na koti la ofisi juu ya nguo za kulalia, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye mikaratusi.

“Mwenye hapa iko wapi?”

“Iko Kalunguta! Iko kwa maharagi!”

“Muzima?”

“Muzima sana! Njo mimi nitakufa, juu ya kelele yenu! Mukimbie, batu banalala!”

“Tuende!” Nao walikwenda wakiimba kwa makusudi zaidi, nyimbo za Kilingala tulizofundishwa na askari mmoja aliyewahi kukaa mtaani na ambazo nusu ya maneno yake sisi Wanande hatukuyajua maana. Niliporudi kutoka kijijini mume wangu alinisimulia yote kwa hasira. Lakini niliona kwamba alianza kulala na lile koti karibu na kitanda.

Mama yangu mzazi alikuwa anakaa nasi. Alifariki siku ya Ijumaa, na usiku huo nyumba ilijaa. Sikukumbuka kabisa kwamba kesho yake ni Jumamosi. Kulipokucha nilikuwa nimeketi kwenye mkeka kati ya shangazi zangu, nikasikia miguu mingi nje. Hapakuwa na wimbo. Hapakuwa na filimbi. Mume wangu alitoka mlangoni kujibu. Wala hakuulizwa. Walikuwa wameshajua, hata hawakupiga miguu, walisimama tu. Kisha wakaingia wote, na kaptula zao na jasho lao, wakaketi chini pamoja na waombolezaji. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa analia kwa sauti muda wote, aliacha kulia ghafula alipoyaona mapaja ya mama muuza dawa, akaagiza vitenge viletwe haraka wanawake wafunikwe, halafu akaendelea kulia alipoachia. Nilicheka katikati ya kilio cha mama yangu. Ni asubuhi hiyo nilipojua kwamba hawa watu nawapenda.

Ugonjwa ule unaoua kwa kugusana ulipotokea Mangina, ukaingia Beni, na mwishowe ukafika kwetu, tuliwekeana ndoo ya maji na sabuni pale darajani, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Tulikimbia tumeachana kama watu waliogombana. Mlangoni swali liliulizwa kutoka mbali, ng’ambo ya barabara. Sijui niseme vipi. Neno lile “muzima” tulilizoea mpaka likawa halina ladha, lakini siku zile tulilingoja tumenyamaza, miguu ikienda polepole, na likitoka mtu aliona kama amepewa kitu mkononi.

Halafu mume wangu akaletewa barua ya kumhamishia Beni. Alifurahi kwa sababu ya joto. Mimi niliuza meza yangu ya vitenge sokoni, na Jumamosi ya mwisho tukanywa chai kwa mama wa mikate karibu na uwanja wa ndege, wote tumeketi juu ya matofali yake. Palisemwa maneno mengi mazuri. Mwenye filimbi alisimama na kikombe chake akasema:

“Mama anaenda, roho yetu inauma. Mais donc, bandugu, magoti yetu yameponaka! Ule mulima, kwaheri!”

Watu walicheka mpaka wakamwaga chai. Nilicheka pia, tena mimi zaidi ya wote. Lakini maneno hayo niliyabeba kwenye gari pamoja na masufuria, na yalifika Beni kabla yangu.

Maana sikuwa mjinga. Niliwahi kuona mlango ukifutwa. Tulikuwa na fundi cherehani aliyehamia Kampala. Tuliendelea kupita kwake kwa miezi kadhaa, wapangaji wapya wakitoka kujibu kwa uso wa kukunja: yuko Kampala, mzima, tumechoka. Mwishowe walifuga mbwa. Basi Jumamosi moja kundi lilinyoosha moja kwa moja bila kuingia kichochoro kile, na hakuna aliyesema lolote. Hata mimi sikusema. Mlango wake ulikuwa tambarare, karibu na barabara, hatua chache tu. Sasa wangu, wa juu ya mlima, nani atauhangaikia?

Beni nilipata kundi lingine, sikatai. Watu wazuri, na nguo za rangi moja zenye maandishi mgongoni. Wanakutana kituo cha mafuta, na kocha anatuma ujumbe kwenye simu tangu jana yake: njia ni ipi, saa ngapi, nani alete maji. Barabara ni lami pana, hakuna mlima wa kumwua mtu, na asubuhi ikiwa safi unaona Ruwenzori imejitokeza yote, na theluji yake. Nilikimbia vizuri kuliko Butembo. Ila ukichelewa, wameondoka. Usipofika, hujafika. Atakayejali ataweka alama ya kidole gumba kwenye simu.

Asubuhi moja tulikuwa tumeelekea upande wa Boikene, ikasikika milio ya risasi mbele huko, mbali lakini si mbali sana. Kocha aligeuza kundi. Tulirudi mbio, kila mtu akikata kona kwake, na nilipofunga mlango wa nyumba yangu nilikaa chini sebuleni na viatu. Mume wangu aliniuliza nimeona nini. Nilimwambia sijaona kitu. Nilikuwa nawaza kwamba kama nisingerudi, hapa Beni hakuna mtu ambaye angekuja kupiga miguu nje na kuuliza mwenye hapa yuko wapi. Jambo hilo liliniuma kuliko zile risasi. Nilitaka kwenda nyumbani, na nyumbani palikuwa ni kelele mbele ya mlango ambao si wangu tena.

Tangu siku hiyo nikawa mwoga wa Jumamosi. Nilikwenda Butembo mara nyingi, kuzuru wagonjwa, kununua vitu, lakini kila mara nilihakikisha Ijumaa jioni nimerudi Beni. Dada yangu mkubwa alidhani ni mume ananibana. Nilimwacha adhani hivyo. Sikutaka tu niwe Butembo asubuhi ile nisikie wimbo unafika darajani na kukata kushoto.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu alipata komunyo ya kwanza, na komunyo ni Jumapili. Hapakuwa na pa kukimbilia. Nilifika Ijumaa, nikakaanga samaki na wengine, nikalala kwa dada, chini huko bondeni. Kabla hakujapambazuka vizuri nilikuwa nimeamka. Nilijiambia nalala tena. Nikajikuta natafuta kandambili gizani.

“Wapi unaenda na hii baridi?” dada aliuliza kutoka kitandani.

“Nafuata mukate, yaya.”

“Mukate uko mu nyumba.”

“Huo ni ya jana.”

Nilipanda ule mlima peke yangu nimejifunga vitenge viwili. Mapafu ya Beni yalinisaliti mapema. Mikaratusi ya jirani ilikuwa pale pale, na chini yake rundo la matofali ambalo jirani amekuwa akitaka kujengea ukuta tangu mimi ni mke mpya. Nikaketi nyuma yake, mama mzima, nimejificha kama mwizi wa kuku, naangalia mlango wetu. Tuliuacha wa bluu. Wameupaka kijani.

Nikangoja. Mwishowe nikausikia wimbo, mbali, upande wa soko, na filimbi ikikatakata katikati. Wimbo uliteremka, ukapotea nyuma ya nyumba, ukarudi, ukafika darajani. Niliujua ule wimbo, maneno yale yale tusiyoyajua. Kisha ukafika njia panda, na ukazimika.

Kimya. Nilisikia jogoo, nikasikia mtu anapasua kuni, basi. Nikasema moyoni, kumbe. Wamekwenda kushoto. Nilisimama nikakung’uta kitenge changu kwa hasira, nikiwatukana kimoyomoyo mmoja mmoja, mwenye filimbi kwanza, na magoti yake. Nililia pia, kwa nini nifiche. Nikageuka niteremke kwa upande wa pili nisije nikakutana na mtu.

Ndipo nikasikia miguu. Mingi, mizito, inakuja. Na pumzi, pumzi za watu wanaotafuta hewa kwa mdomo. Nikaelewa jambo ambalo kila mtu wa kundi letu analijua isipokuwa mimi: kwenye ule mlima hakuna anayeimba, maana hakuna mwenye pumzi. Nitalijua wapi? Miaka yote ile walipokuwa wakipanda, mimi nilikuwa ndani, natafuta soksi chini ya kitanda huku mume wangu akinung’unika. Sikuwahi kukisikia kile kimya.

Wakatokea. Vijana wengi nisiowajua walikuwa mbele. Mama muuza dawa alikuwa katikati, amenenepa, uso unang’aa kwa jasho. Mwenye filimbi alikuja nyuma, nywele zimekuwa nyeupe, mkono kiunoni. Walisimama mbele ya mlango wa kijani wakaanza kupiga miguu pale pale. Filimbi ikalia mara tatu.

“Mwenye hapa iko wapi?”

Mlango ulifunguka. Alitoka bibi mmoja mfupi, kichwa kimefungwa kitambaa, shali begani, tayari amevaa kama mtu aliyekuwa anawangoja.

“Iko Beni,” alisema.

“Muzima?”

Aliwatazama kwanza, wale wote, kana kwamba anapima kama wanastahili.

“Muzima,” alisema.

“Tuende!”

Wakaondoka. Walipofika mahali barabara inapoanza kuteremka, wimbo ukawarudia. Nilipaswa kuruka kutoka nyuma ya yale matofali, niwapigie kelele, nijibu mwenyewe. Sikuruka. Nilibaki nimesimama, nimeshika mti, kitenge kimoja kimeanguka chini.

Bibi aliniona alipokuwa anafunga mlango.

“Wabukire, mama,” nilimsalimu.

Aliitikia, akaniuliza kama nimepotea. Nilimwambia hapana, napumzika tu, mlima umenichosha. Alicheka. Akasema mlima huu unachosha watu wote, hata hawa wa mbio, lakini wanarudi kila Jumamosi, mvua au jua. Akanisimulia kwamba yeye ni mtu wa upande wa Mangina, vita ilimkimbiza, mwanawe amempangia hapa.

“Samedi ya kwanza niliogopa sana,” alisema. “Niliona batu mingi ku mulango, miguu buu, buu, buu, nikasema, vita imenifuata mpaka huku. Njo ule muzee ya filimbi akanielezea. Akasema, mama, hapa kuko mutu yetu, alienda Beni. Kila samedi tutakuya kuuliza. Weye utajibu.”

“Na huyo mutu, unamujua?”

“Hapana. Sijamuonaka hata siku moja.”

“Basi unajua namna gani kama iko muzima?” Niliinama nikaokota kitenge changu.

“Hapana jua, mwanangu. Na Beni, weye mwenyewe unasikiaka habari ya Beni.” Alijivuta shali shingoni. “Mimi hapana penda kudanganya batu, tena batu banapanda mulima na kutoka jasho. Njo juu ya ile, kila vendredi mangaribi, mbele ya kulala, naombaka rozari juu ya ule mama. Namwambia Bikira, umulinde, juu kesho nisiseme bongo, nisidanganye batu.”

Nilimshika mikono yote miwili. Ilikuwa ya moto, ametoka kuwasha makaa.

“Haukusemaka bongo, mama,” nikamwambia. “Ni miye.”